MWAKA WANGU WA KWANZA KATIKA KAZI YA UWAKILISHI

(Haya ni maneno aliyoyasema mwakilishi wa wafanya kazi wa ghala moja la Shimanzi katika mkutano wa mwaka wa tawi letu. Wanachama wengi wameomba yapigwe chapa ili wenzetu waliokuwa zamu ya usiku nao wayasome.)



Katibu wa tawi aliponiambia nisimame leo nizungumze juu ya mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, nilimwuliza, "Niseme mazuri, au niseme yaliyokuwa?" Akanijibu, "Sema yaliyokuwa. Mazuri tumekwisha yasikia katika taarifa." Kwa hivyo mkisikia jambo ambalo halinipambi, mjue ya kuwa nimepewa ruhusa.

Tena nawaarifu mapema: mwisho wa maneno yangu nina ombi, na ombi lenyewe lina tarehe. Basi nawasihi mtu asitoke kwenda kuwahi feri kabla sijalifikia.

Mwaka jana mlinichagua kwa kuinua mikono, na mikono ilikuwa mingi. Sababu yake twaijua sote: nilikuwa na mdomo. Mimi ni mtoto wa Kibokoni, na Mji wa Kale haumfundishi mtu kunyamaza. Kutoka kwetu mpaka Marikiti ni mwendo mfupi, lakini katika vichochoro vile huwezi kupita mbele ya baraza la watu ila umesalimu, umeulizwa hali ya mzazi wako, na umetoa maoni yako juu ya mpira wa jana. Mtu akikua hivyo, akisimama mbele ya watu hatetemeki. Nami nilikuwa nimekwisha fanya kazi ghalani miaka tisa, nawajua watu na watu wanijua.

Hakuna aliyeniuliza kama naweza kuandika barua. Hakuna aliyeniuliza kama nimepata kuyasoma mapatano baina ya chama na mwajiri. Wala mimi mwenyewe sikujiuliza.

Nilidhani mwakilishi ni mtu ambaye akiingia afisini meneja husimama. Siku yangu ya kwanza niliingia, na meneja hakusimama. Alisema, "Karibu. Shida ni nini?" Nikamwambia wafanya kazi wamechoka. Akaniuliza: wangapi, wa zamu gani, tangu lini, na kwa kifungu gani cha mapatano? Sikuwa na jibu hata la swali moja. Nikatoka nje nikawaambia wenzangu ya kwamba mazungumzo yameanza vizuri. Nao wakanipigia makofi.

Ndugu zangu, makofi yale yalinipoteza miezi miwili.

Nataka mwijue kazi hii ilivyo, ili yule mtakayemchagua siku moja baada yangu asije akadanganyika kama mimi. Mwakilishi hasamehewi kazi yake. Gunia la kilo 50 halipungui uzito kwa kuwa lachukuliwa na mwakilishi. Wapakia malori kama wengine, wapanga paleti kama wengine, na wakati wenzako wanapokula chakula cha mchana ndipo kazi yako ya pili inapoanza. Asubuhi, kabla sijafika Mwembe Tayari kupanda gari, simu imekwisha lia mara tatu. Mmoja amekatwa mshahara siku mbili. Mwingine amepewa barua ya onyo. Wa tatu hana shida yoyote, ataka tu kujua kama ni kweli yale aliyoyasikia. Jioni nikirudi nyumbani, barazani pananingoja watu. Mke wangu alisema siku moja, "Hapa petu pamekuwa afisi, ila afisi hufungwa saa kumi na moja."

Na mambo yote hayo nilikuwa nayaweka kichwani. Nilijisifu kwa hilo! Nilisema mimi sihitaji karatasi, nina akili ya kukumbuka.

Onyo la kwanza lilikuja kwa fedha. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, nami nikapita kukusanya mchango wa msiba. Nilichukua fedha za watu nikazitia mfukoni pamoja na zangu za nauli na za maziwa. Usiku nilipohesabu, fedha zilipungua shilingi 450 kwa zile nilizodhani nimepokea. Sikujua kama nimezidondosha, au nimezitumia, au nimekosea hesabu tangu mwanzo. Nikalipa kutoka kwangu, na sikumwambia mtu. Lakini asubuhi yake watu wawili waliniuliza kama jina lao nimelikumbuka, na nikaona katika macho yao kitu ambacho sijapata kukiona kwao kwa miaka tisa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kidogo: na sifa ya mtu hupotea pamoja nayo.

Ungedhani ningenunua daftari siku ile ile. Sikununua. Na hapa ndipo nafika kwa jambo zito, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama leo.

Katika mwezi wangu wa pili, siku ya Jumanne, tulikuwa tukipakua lori. Kibarua mmoja, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa nimempa ahadi, aliangukiwa na paleti mguuni. Wengi wenu mnamjua. Alipelekwa hospitali kwa tuktuk, na nauli walilipa wenzake. Mimi nilikwenda kwa nyapara nikamwambia kwa mdomo, "Mtu ameumia." Nyapara akasema, "Nimesikia." Nikaona kazi yangu imekwisha.

Sikuandika saa. Sikuandika majina ya waliokuwapo. Sikuchukua nakala ya karatasi ya hospitali. Sikumwandikia mwajiri hata mstari mmoja.

Baada ya wiki tatu mwenzetu alirudi kwa magongo kuuliza haki yake. Akaambiwa ya kuwa hakuna habari yoyote ya ajali siku ile, na ya kwamba huenda aliumia kwake nyumbani. Jina lake halikuwa katika orodha ya mwezi, maana ni kibarua, na kibarua huandikwa kwa siku na karatasi ya siku hutupwa. Akakalishwa kitini, akapewa fedha kidogo za kumsaidia, na karatasi ya kutia kidole. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Akatia kidole.

Nitawaambieni mimi nilikuwa wapi saa ile. Nilikuwa langoni, nje kidogo ya dirisha la afisi ile ile, nimepanda juu ya kreti, natoa hotuba. Ilikuwa saa ya mapumziko, na nilikuwa nasema juu ya haki za wafanya kazi. Nasikia hotuba ilikuwa nzuri.

Nilijua habari yake baadaye sana. Nikapanda feri nikaenda Likoni kumtazama. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, mguu ameunyoosha, anauza mihogo ya kukaanga. Alinikaribisha vizuri, akamtuma mtoto aniletee maji. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Ndugu yangu, siku ile sauti yako niliisikia. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia ukisema mtu asikubali kuonewa. Nikasema moyoni, akimaliza atakuja."

Sina la kuongeza hapo. Nilirudi na feri, na siku iliyofuata nilinunua daftari.

Karibu na nyumbani kwetu kuna mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, sasa amestaafu. Aliponiona nimenyong'onyea aliniita barazani kwake, akaniagizia kahawa, akanieleza habari alizozipata kwa babake, aliyekuwa kibarua wa Kilindini. Baadhi yenu mmezisikia, lakini vijana wetu wengi hawazijui, na si vibaya kuzirudia.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa kisiwa hiki waliweka kazi chini. Walikuwa kiasi cha watu 15,000: wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, na hata watumishi wa majumbani. Walikaa siku 12. Kila siku walikusanyika katika uwanja wa mpira, nao wakaupa jina la Kiwanja cha Maskini. Ndipo lilipoundwa shirikisho la wafanya kazi Waafrika, na rais wake akawa Chege Kibachia. Watu walirudi kazini baada ya Eliud Mathu kuja kuzungumza nao, na Serikali ikaweka baraza chini ya Jaji Thacker lisikilize mambo ya mishahara na maisha yao.

Mzee aliniambia, "Kila mtu akumbuka Kiwanja. Babangu alikumbuka Kiwanja mpaka anakufa. Lakini kiwanja kilikuwa siku 12 tu. Baada ya kiwanja lilikuja baraza, na mbele ya baraza huulizwi umekasirika kiasi gani. Waulizwa kodi ya chumba ni shilingi ngapi, unga ni bei gani, na kwa siku wapata nini."

Nikamwuliza, "Na huyo Kibachia?" Akanieleza ya kwamba mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikamatwa, akapelekwa mbali na Mombasa, Kabarnet, akazuiliwa huko kwa muda wa kama miaka kumi. Nilikaa kimya nikafikiri. Yeye mwaka wake wa kwanza hawakumwacha aumalize. Mimi wangu naumaliza nikiwa huru, nalala nyumbani kwangu, na hakuna aliyenigusa. Basi udhuru wangu ni nini?

Akanitajia na mwaka 1955. Mwezi wa Machi wafanya kazi wa bandari waligoma tena. Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa nchi wakati ule, alikuja Mombasa kushika mazungumzo. Umri wake ulikuwa miaka 24. Shauri likapelekwa mbele ya waamuzi, na wafanya kazi wakapata nyongeza ya asilimia 33. Mzee akasema, "Hasira watu wa bandari walikuwa nayo tele, hawakuhitaji kuongezewa na mgeni. Walihitaji mtu wa kuitia hasira yao katika hesabu." Kisha akanywa kahawa yake, akaniambia niende nikalale.

Tangu siku ile nimejaribu kufanya kazi kwa namna nyingine, nami nitawapa mfano mmoja ili msije mkadhani kila kitu kilikuwa hasara.

Katika mwezi wa saba dereva mmoja wa foklifti aliitwa afisini ajibu shitaka la kuharibu mzigo. Ilikuwa kazi yake iko hatarini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ya kwamba kabla mwajiri hajamwachisha mtu kwa sababu ya kosa, sharti amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenziwe au mwakilishi wa chama pale anapoelezwa, na wote wawili wasikilizwe. Zamani ningeingia na sauti. Safari hii niliingia na daftari. Shitaka likasomwa kwa Kiingereza. Nikasema kwa adabu, "Bwana, twaomba lisomwe kwa Kiswahili, kwa kuwa sheria yataka afahamu." Likasomwa tena polepole. Ilipotajwa tarehe ya kosa, dereva akaruka, "Siku hiyo mimi nilikuwa likizo!" Nikafungua daftari, na kweli, siku ile nilikuwa nimeandika mtu mwingine aliyeshika zamu yake. Karani akaleta karatasi za likizo, zikasema vile vile.

Shauri lilikwisha kwa dakika ishirini. Sikutoa hotuba hata moja. Tena nawaambia kweli, wakati nilipokuwa natoka, nilisikitika kidogo kwa kuwa hakuna aliyenipigia makofi. Tabia ya mtu haifi upesi.

Sasa nataka niseme juu ya jambo jingine ambalo wengine wenu mmelinong'ona, nami heri nilitaje mbele ya wote. Katika mwezi wa nane niliitwa kunywa chai na mtu mmoja aliye karibu na wakubwa. Akanisifu sana. Akasema mtu mwenye akili kama mimi hafai kubeba magunia, na kwamba nafasi ya unyapara iko wazi, na mshahara wake akanitajia. Hakusema niache uwakilishi. Hakuna haja ya kusema. Nyapara hawezi kuwa mwakilishi.

Sikumjibu siku ile. Nililala nalo siku mbili. Msinifanye malaika: nina watoto watatu, na kodi ya nyumba Mji wa Kale haishuki. Usiku wa pili nilimweleza mke wangu. Hakuniambia kataa wala kubali. Aliniambia, "Waambie wenzio kabla hawajaambiwa na mwengine." Asubuhi yake niliwaambia watu wa zamu yangu, kisha nikaenda nikakataa. Nusu ya watu walinishukuru. Nusu waliamini ya kuwa nimekwisha pokea kitu na nalificha jambo. Hao sikuwalaumu, kwa kuwa nilikumbuka zile siku mbili nilizonyamaza. Imani ya watu ni kama ngalawa: yabeba mzigo, lakini ukiegemea upande mmoja bila kuwaambia wenzako, yapinduka.

Ndugu wanachama, katika mwaka huu nimejifunza mambo machache ya sheria, na ningependa kila mtu aondoke nayo leo, maana sheria ikikaa kwa mwakilishi peke yake, siku akiwa mgonjwa nayo yaumwa.

La kwanza ni hili. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa haki kazini, ya kuingia katika chama cha wafanya kazi na ya kugoma. Si hisani ya mtu.

La pili lawahusu vibarua. Sheria ya Ajira yasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Ndiyo sababu waajiri wengine humwambia kibarua apumzike kidogo kabla mwezi haujatimia. Basi wewe kibarua andika siku zako. Andika hata nyuma ya karatasi ya sigara. Tarehe, lango uliloingilia, na jina la aliyekuita.

La tatu ni juu ya kuumia kazini. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya walioumia kazini yasema mfanya kazi, au mtu kwa niaba yake, amwarifu mwajiri juu ya ajali, na yaruhusu hata kwa mdomo. Lakini neno la mdomo nani atalithibitisha? Mwajiri akipata habari, ana siku saba za kumwarifu mkurugenzi wa Serikali anayehusika. Na dai la fidia sharti lipelekwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali.

Miezi 12, ndugu zangu. Hapo ndipo penye ombi langu.

Ajali ya mwenzetu wa Likoni ilitokea katika mwezi wangu wa pili. Leo zimebaki wiki sita tu kabla miezi 12 haijatimia. Dai bado laweza kupelekwa. Karatasi ya hospitali nimekwenda kuitafuta na nimeipata, ina tarehe na ina saa. Ile karatasi aliyotia kidole, kama ina nguvu au haina, wataamua wenye kujua sheria. Lakini hawataamua neno lolote lisipofika mbele yao. Kilichopungua ni mashahidi.

Watu watatu walikuwa juu ya lori lile. Mmoja amehama. Wawili wamo humu ukumbini. Siwatazami, na naomba mtu mwingine asiwatazame.

Najua kwa nini hawajajitokeza. Wao ni vibarua. Kila asubuhi saa kumi na mbili wasimama langoni pamoja na watu wengine hamsini, na nyapara anyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Kidole kile kikiwaruka leo, watoto hawali jioni. Sheria yasema si haki kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametoa malalamiko au amefungua shauri dhidi ya mwajiri wake. Nimewaambia hivyo. Mmoja akanijibu, "Sheria hiyo yaamka saa ngapi?" Nami naliona jibu lake ni la haki.

Kwa hivyo ombi langu halianzi kwao. Laanzia kwetu sisi tulio na kazi ya mwezi, tunaoingia langoni kwa kadi wala hatunyooshewi kidole. Naomba watu ishirini. Watu ishirini wa kuandika majina yao usiku huu ya kwamba kwa muda wa miezi mitatu, kwa zamu, wanne kila asubuhi, tutafika langoni nusu saa mapema. Hatutapiga kelele. Hatutamzuia mtu. Tutasimama na daftari, tuandike ni nani ameitwa na ni nani ameachwa, kila siku. Nyapara akijua kidole chake chaandikwa, kitakuwa na adabu. Na kama hakikuwa na adabu, tutakuwa na hesabu ya kupeleka mbele ya wakubwa wa chama na mbele ya sheria, na hatutaulizwa tena yale maswali niliyoulizwa siku ya kwanza tukakosa la kusema.

Wale wawili wakiona majina ishirini, wataamua wenyewe. Wasipotaka, sitawashutumu, wala sitataja majina yao mahali popote. Lakini wasinyimwe nafasi ya kuwa watu wazima kwa sababu sisi tulikuwa nyumbani tumelala.

Mwaka jana mlinipa mdomo wenu niuchukue. Nimeutumia vizuri siku nyingine, na siku nyingine nimeutumia kujipamba. Leo kwa taratibu ya chama natakiwa niwaulize kama mwataka niendelee. Naomba swali hilo, Ndugu Mwenyekiti, liwekwe mwisho kabisa, baada ya hili la majina. Likikosa majina ishirini, basi heri mtafute mwakilishi mwingine ambaye mtakuwa tayari kusimama naye, kwa kuwa mtu mmoja langoni saa kumi na mbili ni mtu anayengoja kuitwa kama wengine.

Daftari liko mezani, pale karibu na mlango, na kalamu imefungwa kwa uzi. Jina la kwanza nimekwisha andika langu. Zimebaki kumi na tisa.